Mji Mkongwe Zanzibar bila kununua tiketi hata moja (uzi mrefu kwa wenye miguu na muda)

mtu_wa_kiponda

Wakuu, assalaam alaykum na habari za jioni.

Mie ni mtu wa Kiponda, nimezaliwa humu humu vichochoroni na skuli nimesoma hapa hapa mjini. Kila likizo ikikaribia naulizwa suali moja na jamaa zangu wa bara, nakuja Zanzibar siku mbili, hela imeishia kwenye boti na chumba, sasa huko mjini ntaona nini bila kulipa? Na wengine hata hawaulizi, wanashuka bandarini wanadakwa na papasi (dalali wa watalii) wa kwanza, wanazungushwa nusu saa mbio mbio, wanatozwa hela ambayo wangekula siku nzima, halafu wanarudi kwao wanasema mji wenyewe kuta zimechakaa tu hakuna kitu. Hilo la mwisho ndo linaloniuma. Kwa hiyo naandika, na naandika kirefu, mwenye haraka aurudie uzi siku nyengine.

Kabla hujatoka bandarini elewa jambo moja. UNESCO waliuingiza mji huu kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, sawa, lakini humu ndani watu wanaishi, nguo zinaanikwa, mtoto anatumwa mkate, jeneza linapita na watu wanasogea lipite. Karibu kila kizuri ni bure kwa sababu kiko njiani au kwenye kibaraza cha mtu. Sasa ukimpita mzee kibarazani kimya kimya na simu umeinyanyua, hapo umeingia kwa watu bila hodi. Shikamoo mzee, habari za asubuhi bibi, inatosha, hata kama si Muislamu salamu yako itapokewa. Na mavazi, funika mabega na magoti, mwanamke kwa mwanamme, utaona unavyokaribishwa.

Haya tuanze. Ukitoka geti la bandari ya Malindi shika barabara ya Mizingani, bahari iwe mkono wako wa kulia. Karibu na bandari utaliona jengo refu la ghorofa lenye roshani za mbao zimechongwa mpaka utadhani ni lesi. Hilo ni Dispensari ya zamani. Aliyelianzisha ni Tharia Topan, tajiri wa Kihindi wa jamaat ya Ismailia, jiwe la msingi likawekwa 1887 kwa ajili ya jubilii ya miaka 50 ya Malkia Victoria, mwenyewe akafariki kabla jengo halijakwisha. Miaka ya 1990 watu wa Aga Khan walilifanyia matengenezo makubwa. Vuka barabara, simama upande wa bahari ndo uliangalie, ukisimama chini yake huzioni zile roshani vizuri. Asubuhi jua linalipiga kwa nyuma, jioni ndo linang'ara.

Hatua chache mbele kuna Mti Mkubwa, ndo jina lake, muulize yeyote. Ulipandwa 1911 na Sultani Khalifa bin Haroub na leo kivuli chake kinafunika watu wa boti, mafundi, wauza maji na wazee wanaongojea kitu wanachokijua wenyewe. Kaa hapo robo saa. Utaitwa uende kisiwa cha Changuu, kataa kwa adabu, sema “ahsante ndugu yangu, leo napumzika”, wataendelea na shughuli zao.

Endelea hivo hivo na pwani, utapita Beit el-Sahel lile kasri jeupe (ndani ni kwa tiketi), halafu Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu. Hapa mie huwa nasita kidogo. Jengo hili alilijenga Sayyid Barghash 1883, la mwanzo Zanzibar kuwa na umeme, lilikuwa na lifti wakati watu wengi wa ukanda huu hawajaiona hata taa ya stima. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ilianguka, watu wawili wakafariki. Nilikuwepo mjini siku ile. Vumbi lilifika mpaka kwetu Kiponda na watu walikuwa wanalia njiani, watu wazima. Kwa hiyo mgeni ukifika ukaona mabati na majukwaa ya mafundi usiseme hakuna cha kuona, simama hapo, tazama nguzo zilizobakia, uelewe tunachojaribu kukiokoa.

Na hapo hapo uliposimama ndipo palipopiganwa vita vile vinavyotajwa kuwa vifupi kuliko vyote duniani. Agosti 1896 Sultani Hamad alifariki, Khalid bin Barghash akaingia kasri bila ya ridhaa ya Waingereza, wakampa mpaka saa 3 asubuhi ya tarehe 27 awe ametoka. Saa 3 na dakika 2 mizinga ya manowari ikaanza, na kufika saa 4 kasorobo hivi kila kitu kilikuwa kimekwisha. Haikufika saa nzima ila watu kama 500 wa upande wa kasri waliuliwa au kujeruhiwa. Baina ya Beit el-Sahel na Beit al-Ajaib palikuwa na kasri la tatu, Beit al-Hukm, ndo halikubakia. Wageni wengi hupita pale wanakula ubuyu, hawajui.

Ngome Kongwe iko pembeni tu. Waarabu wa Oman waliijenga baada ya kuwatoa Wareno 1698, juu ya pahala palipokuwa na kanisa la Wareno. Uwanja wa ndani mchana unaingia bure, kuna nyasi, kuna maduka ya picha za tingatinga na vinyago, kuna jukwaa la mawe ambalo matamasha makubwa yote yamepita. Ukibahatika kuja Februari wakati wa tamasha la muziki la Sauti za Busara, kiingilio cha usiku kina bei yake lakini lile gwaride la ufunguzi linapita barabarani na beni na ngoma, hilo ni la kila mtu.

Mbele yake Forodhani. Watu wanaifahamu kwa chakula cha usiku na chakula si bure, ukitaka kununua uliza bei kabla hujanyoosha kidole na hakikisha umeambiwa bei ya sahani nzima. Lakini mie nakwambia fika kabla ya jua kuzama, kama saa 11 hivi, maji yakiwa yamejaa. Hapo utaona makachu. Vijana wanakuja mbio wanajirusha kutoka ukutani mpaka baharini, wengine sarakasi mbili hewani, wengine wawili wawili wameshikana, na watu wamejaa ukutani wanashangiria. Ukitaka kumrikodi kijana mwambie kwanza, na ukimpa kitu umefanya vizuri lakini hulazimishwi. Nyuma yao majahazi yanarudi yametweka matanga, jua linaingia baharini, na adhana ya magharibi inaanza msikiti mmoja inadakwa na mwengine. Nimeona hilo maelfu ya mara na bado nasimama.

Ntaendelea na milango, naenda kuswali kwanza.

mgeni_wa_dodoma

Mkuu nimeweka kambi hapa. Nakuja mwezi ujao na wife na watoto wawili, wa miaka 6 na 9. Swali langu, tukiingia huko vichochoroni si tutapotea? Na usiku usalama upoje?

mtu_wa_kiponda

Mkuu karibuni sana. Mtapotea, na mpotee. Mji wenyewe mdogo, ukitembea moja kwa moja kwa dakika 15 au 20 utatokea ama baharini ama barabara ya Darajani, hakuna pa kupotelea zaidi. Ramani ya simu vichochoroni inachanganyikiwa kwa sababu ya kuta ndefu, izimeni. Mkikwama muulizeni mtoto wa madrasa yeyote, “njia ya Forodhani wapi”, atakupelekeni mpaka penye mwanga.

Usiku njia kuu za Forodhani, Shangani, Kenyatta na Hurumzi zina watu mpaka usiku mkubwa kidogo. Vichochoro vyenye giza vilivyotulia viacheni, simu zisionekane onekane, kama mji wowote.

Kwa watoto waambie wahesabu milango. Na ndo naingia hapo sasa.

Mlango wa Zanzibar ni barua. Nyumba zenyewe za mji huu kwa nje ni kuta tupu za mawe ya matumbawe na chokaa, hazina mapambo, utajiri wa mtu ulikuwa unasomwa mlangoni, na fundi wa mlango alikuwa akianza mapema maana fremu ndo inasimamishwa mwanzo ukuta unafuata. Kuna aina mbili kubwa ambazo hata mtoto wa miaka 6 anazitofautisha. Ukiona juu pamenyooka kama sanduku, kizingiti cha juu kimechongwa maandishi ya Kiarabu, huo ni wa Kiarabu. Ukiona juu kuna upinde wa duara na mbawa za mlango zinakunjika vipande vipande, huo ni wa Kihindi wa watu wa Gujarati. Ile misumari mikubwa ya shaba iliyochongoka ilitoka Bara Hindi, kule wanasema iliwekwa kuzuia tembo wasiuegemee mlango, hapa kwetu hakuna tembo wa mjini ikabakia kuwa pambo la mwenye nacho.

Halafu tazama chini na pembeni. Minyororo imechongwa kuzunguka fremu, wanasema ni kinga ya nyumba. Samaki chini kabisa, riziki. Mtende, neema. Ua la yungiyungi lilitoka mbali, Misri na Bara Hindi. Ule mti mwembamba wa katikati baina ya mbawa mbili unaitwa mfaa, nao huchongwa peke yake. Na kwenye kizingiti cha juu mara nyingi kuna aya ya Qur'an, pengine jina la mwenye nyumba na mwaka wa Hijria.

Pa kuanzia, Shangani kwenye nyumba aliyokaa Tippu Tip, Hamed bin Muhammad el-Murjebi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyetawala njia za mpaka Kongo, alifia hapa mjini 1905. Mlango wake bado upo na ni mkubwa. Tazameni, na waambieni watoto ukweli wa mali ile ilivyopatikana. Kutoka hapo piteni Baghani, Sokomuhogo, Hurumzi, mpaka Kiponda kwetu. Tafadhali msiushike shike mlango wala msipande juu ya kizingiti kupiga picha, ule ni mlango wa watu na ndani kuna bibi anapika.

Mna tabu moja mtaiona wenyewe, baadhi ya nyumba mlango ni wa mbao mpya ambao nakshi zake hazina pumzi. Wa zamani uliuzwa. Mie hilo huwa halinitoki.

bint_mvita

Salamu kutoka Mombasa. Hapa kwetu Mji wa Kale pia twatembea bure, milango twayo, roshani twazo, ila Fort Jesus ambayo Wareno walianza kuijenga 1593 ndani walipisha. Nilipokuja Unguja mwaka jana nilifurahi kuona ule uwanja wa Ngome Kongwe watu waingia tu waketi.

Jambo nililolipenda zaidi ni majina ya mitaa, mtu akiwa ajua Kiswahili hahitaji mtembezaji. Mkunazini palikuwa na mkunazi, Sokomuhogo soko la muhogo, Forodhani palikuwa na forodha, Darajani palikuwa na daraja. Niliwauliza wazee Kajificheni mujifiche nani, wakacheka kila mmoja akanipa hadithi yake na hakuna mbili zilizofanana. Nilikaa nao saa nzima, nikaletewa kahawa.

mtu_wa_kiponda

Dada umenikumbusha, na umetaja lile nililokuwa nalitafutia maneno.

Watalii wa Ulaya wanakuja kuona majumba, ila sisi tunaosema lugha hii tuna kitu cha ziada ambacho mgeni mwengine hawezi kukipata hata akilipa, nacho ni kukaa barazani ukasikiliza. Mnajua kwamba Kiswahili mlichofundishwa skuli, cha Dodoma, cha Nairobi, cha vitabu vyote, msingi wake ni mazungumzo ya mji huu? Mwaka 1928 kulikuwa na mkutano Mombasa, wakachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia, ya nchi zote nne, Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. (Dada wa Mvita najua Kimvita kilikuwa na haki yake, na washairi wake wakubwa, tusigombane.) Kwa hiyo ukikaa Jaws Corner saa 11 jioni ukasikia wazee wanabishana mpira na siasa, ujue umekaa karibu na chanzo cha maji unayoyanywa kila siku.

Jaws Corner iko Sokomuhogo, vichochoro vinapokutana, kuna mabaraza pande zote, kuna televisheni, kuna dhumna na karata, na muuza kahawa na birika lake la shaba juu ya makaa. Kahawa si bure lakini ni senti tu, chungu, kikombe kidogo, na kashata. Mwanamke anaweza kukaa? Anaweza, wageni wanakaa, ila mabaraza ya pale mengi ni ya wanaume, akisalimia akajisogeza pembeni hakuna wa kumsumbua. Usianze wewe mgeni kutia maneno ya vyama. Sikiliza.

Bao nalo tafuteni, likichezwa utalisikia kabla hujaliona, kete zinavyogongana na watu wanavyomsema mchezaji.

Na muziki. Klabu ya taarabu ya Ikhwani Safaa ilianzishwa 1905, zaidi ya miaka mia sasa, na wenzao wa Culture Musical Club wako tangu 1958. Mazoezi yao huwa jioni na usiku. Ukipita ukasikia fidla na ganuni zinapatanishwa, piga hodi uombe kusikiliza, mara nyingi utaonyeshwa kiti. Mji wa Siti binti Saad na Bi Kidude huu, taarabu mubashara haina haja ya kuwekewa pazia.

mgeni_wa_dodoma

Daah mkuu unatutendea haki. Kanisa la Mkunazini kwenye soko la watumwa vipi, hilo ni bure? Na nyumba ya Freddie Mercury, yule mwimbaji wa Queen?

mtu_wa_kiponda

Mkunazini kuna kiingilio, na mie nasema kama una pesa ya kiingilio kimoja tu safari nzima, itoe pale. Soko lilifungwa 1873, na mwaka huo huo wakaanza kujenga kanisa juu yake. Aliyelisimamia ni Askofu Edward Steere, ambae pia alikaa akaandika sarufi ya Kiswahili, kaburi lake liko nyuma ya madhabahu. Ndani kuna msalaba wa mbao uliochongwa kutokana na mti ambao moyo wa Livingstone ulizikwa chini yake kule Chitambo, Zambia. Nje kuna sanamu za watu wamefungwa minyororo shingoni ndani ya shimo, kazi ya Clara Sörnäs ya 1998. Mwenye watoto wadogo ajiandae, watauliza, na majibu yanataka utulivu. Wakristo mnaotaka kusali, ibada ya Jumapili ni ibada, mnaingia kama mnavyoingia kanisani kwenu.

Kanisa la Katoliki la Mtakatifu Yosefu, sisi tunaliita Minara Miwili, la mapadri wa Kifaransa la miaka ya 1890. Minara yake inaonekana ukiwa kwenye boti, lakini ukiingia vichochoroni kuitafuta inajificha mpaka uikute imekusimamia ghafla. Watoto wataupenda mchezo huo.

Misikiti, wasio Waislamu wanatazama kwa nje. Mnara wa ule msikiti wa Malindi, Bamnara, una umbo la koni, minara ya aina hiyo ni michache sana pwani nzima ya Afrika Mashariki. Wakati wa swala piteni kimya, msiupige picha mlango watu wakiwa wanatawadha.

Freddie Mercury, alizaliwa hapa 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, mtu wa jamii ya Parsi. Kuna makumbusho yake barabara ya Kenyatta, ndani kwa tiketi, nje picha ni bure na kila siku kuna foleni ya watu wanapiga. Dakika mbili tatu zinatosha.

kijana_wa_michenzani

Naomba niseme kitu. Kila mtu akiandika kuhusu mji anaishia Darajani, kama vile ng'ambo ya pili hakuna watu. Zamani baina ya Mji Mkongwe na sisi kulikuwa na mkono wa bahari, ndo maana ya Ng'ambo na ndo maana ya Darajani, wakaufukia wakati wa Waingereza na juu yake ndo barabara na bustani mnazoziona leo. Vukeni barabara! Majumba ya Michenzani ni historia pia, yalijengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki, marefu kama treni, na watu waliokuwa kwenye vibanda vya udongo wakapewa humo. Bibi yangu alipewa funguo na mpaka leo anasimulia siku ile. Siti binti Saad mnayemtaja, umaarufu wake uliota huku Ng'ambo kwa watu wa kawaida, sio kwenye roshani za baharini.

Na soko la Darajani lenyewe, lile jengo la 1904, ingieni saa 1 asubuhi. Samaki, pweza, viungo, ndizi za kila aina, kelele, harufu, kila kitu bure mpaka uamue kununua. Mchana kwenye joto siwashauri.

mtu_wa_kiponda

Kijana umesema kweli kabisa na naomba radhi kwa kutoifikisha njia mpaka kwenu. Jamani fuateni ushauri wake, kutoka Darajani mpaka mzunguko wa Michenzani ni mwendo mdogo tu kwa miguu.

mjukuu_muscat

Nawasoma nikiwa Muscat. Babu yangu aliondoka Unguja 1964, mie nimezaliwa huku, Kiswahili nimekipata jikoni kwa bibi. Mwaka juzi nilikuja kwa mara ya mwanzo, sina mtu, nina picha moja tu ya zamani ya mlango na bibi alisema ni Sokomuhogo. Siku ya pili nikamwonyesha mzee mmoja barazani. Akaivaa miwani, akaitazama sana, akanyanyuka bila kusema kitu akaniongoza. Nyumba inakaa watu wengine sasa, familia tatu. Mama mmoja akanikaribisha ndani akanipa chai ya mdalasini, akaniacha nikakaa kwenye ngazi alizokuwa akikaa bibi yangu akiwa msichana. Sikulipa hata shilingi na hakuna safari niliyowahi kulipia iliyofanana na ile.

Nilichokiona ni kwamba kuta za ndani zinamomonyoka. Mleta uzi, kwa nini hali iko vile? Watu hawajali au hawana uwezo?

mtu_wa_kiponda

Ndugu yangu wa Muscat, karibu kwenu tena, bibi mpe salamu zetu kama yu hai, na kama ameshatangulia Mungu amrehemu.

Watu wanajali. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, dari zimebebwa na boriti za mikoko, ndo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, upana haukuweza kuzidi urefu wa boriti. Ukuta wa chokaa unavuta unyevu na kuutoa, unapumua. Sasa mtu akiona plasta imeanguka anakwenda dukani ananunua saruji kwa sababu ndo ipo na fundi wake ni rahisi, anapaka. Saruji inaziba. Maji yanabaki ndani, yanaoza boriti, chumvi inasukuma plasta, baada ya mvua mbili tatu kipande kizima kinashuka na mawe yake. Chokaa nayo inataka kuchomwa, kulowekwa muda mrefu, kupakwa tabaka kwa tabaka, na mafundi wanaoijua wanazeeka. Halafu nyumba moja ina warithi kumi, wengine wako Muscat, Dubai, London, nani atoe pesa ya paa? Na maji yakishaingia juu, nyumba inahesabu siku zake. Mamlaka ya Mji Mkongwe iko tangu 1985 lakini nyumba ni nyingi.

Kwa mgeni hili nalo ni la kutazama, na ni bure. Ukipita penye ukuta uliofunuka, simama uone tabaka, jiwe, udongo, chokaa, boriti. Ukiona fundi anapaka chokaa muulize, atafurahi.

mgeni_wa_dodoma

Wakuu nimerudi, mrejesho wa safari yetu. Siku tatu mjini, na ukiacha chakula, kulala na kiingilio cha Mkunazini hatujalipa kitu kingine. Asubuhi Darajani saa moja kamili kama kijana alivyosema, mwanangu mdogo wa miaka 6 akamshika pweza akapiga kelele soko zima likageuka. Michenzani tukapanda ngazi, mama mmoja akatuita tukapata maji ya kunywa. Makachu watoto hawakutaka kuondoka, wa miaka 9 sasa anaruka kutoka kitandani kila jioni.

Milango walihesabu wakafika 112 wakaacha kwa sababu ya usingizi. Kuna mmoja Kiponda juu ya kizingiti una maandishi na mwisho kuna namba ambayo mwanangu aliichora kwenye daftari, kuna 1, halafu kama 3, halafu nukta, halafu 7. Yeye anasema ni 13.7. Tulimuuliza kijana pale nje naye hakujua. Ni nini mkuu?

mtu_wa_kiponda

Mpe hongera zangu huyo kijana, kachora sawa sawa kabisa. Ile nukta ni sifuri ya Kiarabu, na kile alichokiona kama 7 ni 6 yao. Kwa hiyo ni 1306 Hijria, inaangukia 1888 kuingia 1889. Sayyid Barghash alikuwa amefariki Machi 1888, ndugu yake Khalifa ndo ameshika kiti, na fundi yuko Kiponda anachonga mlango huo.

Kama kuna picha ya kizingiti kizima itupie hapa, kabla ya mwaka huwa pana jina. Ntaipeleka barazani kesho baada ya alasiri tulisome.